Penseli ya Muuguzi

Muuguzi wa chumba cha kwanza huandika majibu ya wagonjwa kwa penseli. Kalamu ya wino anayo mfukoni, ila haigusi mapema. Hii ni wiki ya tatu naenda kubadilishiwa bendeji, na kila mara namkuta akisugua viganja vyake kwanza, ndipo amshike mtu mkono kuhesabu mapigo ya moyo. Anadai mkono wa baridi humfanya mgonjwa adanganye. Maswali yake huyauliza kama shangazi aliyepita kusalimia: unalala vizuri? Choo je?

Leo aliingia mzee na mkewe, kifua mbele, eti ana kikohozi tu. Kizunguzungu? "Hapana." Hujaanguka siku hizi? "Mimi? Niko imara kuliko wewe, binti yangu." Mkewe alikuwa anatazama dari. Muuguzi akaziandika hapana zote bila kubisha, kisha akachungulia chini ya meza. Viatu vya mzee vilikuwa vimefungwa kamba kwa unadhifu, kama vya mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza.

"Baba, umependeza. Kamba kakufungia nani?"

Mzee akairudisha miguu chini ya kiti.

"Mimi," mama akasema, macho bado darini. "Akiinama tu, dunia inamzunguka. Juzi kaanguka bafuni."

Mzee akakohoa, na hicho hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Muuguzi akaangua kicheko, hata mzee mwenyewe akashindwa kujizuia. Kisha binti wa watu akachukua kifutio, akafuta hapana zote, akaipuliza karatasi, akachomoa kalamu ya wino.

"Haya, baba yangu," akasema. "Sasa tuanze."