Kesi ya Viwavi wa Mndimu Wangu

Kiwavi wa mndimu akiudhiwa hatoroki. Huinua kichwa, akachomoza nyuma ya shingo pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na papo hapo hutoka harufu kali, kama maganda ya ndimu yaliyosahauliwa ndani ya chungu kilichofunikwa. Kisha pembe hurudi ndani naye huendelea kula. Sijakutana na kiumbe mwingine anayejua kuudhika kwa ufasaha namna hiyo, na kama niliwahi kuwa na mwalimu wa hasira, ni yeye. Umri wa miaka hamsini nimeuvuka zamani, nimesoma mpaka chuo kikuu, nina miwani na shinikizo la damu, na bado naweza kukasirikia jambo lililonipata nikiwa na mapengo ya meno ya mbele.

Tulikaa ukingoni mwa Mto Tana, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Garsen, ambayo wakati huo ilikuwa kivuko na maduka machache ya bati. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka kilizikwa, juu yake ukapandwa mti, na mti huo ukawa wa mtoto yule mbele ya Mungu na majirani. Ndugu zangu walipata miembe na minazi. Mimi nilizaliwa mto umefurika, miche yote iko chini ya maji ya tope, na Bibi, mama yake baba, akapanda kilichobaki hai: mche wa mndimu uliokuwa kwenye chungu mlangoni. Kaka yangu Bakari hakuchoka kunikumbusha. "Mwenzetu ana mti wa kutilia mchuzi," alikuwa akisema, mdomo umejaa embe. Kwa hiyo nilipogundua kwamba mti wangu una kitu ambacho mwembe wake hauna, nilijiona nimetajirika.

Mvua zilikuwa zimepita na mndimu umechipua. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano alikuja akauzunguka, wala hakuwa akifuata maua. Aligusa jani, akakunja tumbo, akaruka, akagusa jingine. Nilipotazama niliona yai moja la duara, la manjano hafifu, dogo kama kichwa cha pini. Baada ya hapo niliyatafuta kila asubuhi kwenye ncha za matawi, mahali majani yangali laini, nikayachuma pamoja na jani lake na kuyaweka ndani ya tenga la kuku lililofunikwa kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Waliotoka mayaini walikuwa wabaya ajabu, weusi wenye mabaka meupe, mfano kamili wa kinyesi cha ndege. Bakari akatangaza kijiji kizima kwamba nafuga mavi. Mimi nilikuwa na kazi. Niliwaletea majani mapya alfajiri, nikatoa uchafu, nikazungushia tenga majivu ili sisimizi wasiingie. Walinenepa, wakageuka kijani, na mchana kulipotulia niliweza kuwasikia wakitafuna. Wa kwanza wao alipanda kijiti, akajifunga uzi mmoja kiunoni, akajiegemeza nyuma kama mtoto aliyebebwa kwa leso, akawa ganda ambalo kipepeo angetokea. Nilikuwa nikiwangoja wengine wamfuate.

Lakini juu ya mti walikuwapo wengi zaidi, na matawi yalianza kubaki vijiti. Shangazi Mwanajuma, dada yake baba, ndiye aliyeupikia ukoo achari ya ndimu, na harusi ya binti yake ilikuwa imekaribia. Aliingia uani wanawake wakitwanga mpunga, akashika tawi tupu.

"Nani ananimalizia mndimu wangu?"

"Mndimu wangu," nikasema.

Michi ikasimama kinuni. "Hebu msikieni!" akasema Shangazi. " Kitovu chenyewe kilikuwa kama uzi, leo kina shamba!"

Wakacheka wote. Alikuwapo Mama Galgalo, mwanamke wa Kiorma aliyezoea kutuletea maziwa kwenye vibuyu ili abadilishe na mpunga. Aliinama, akachungulia ndani ya tenga kama mtu anayekagua ndama. "Hii ng'ombe yake," akasema kwa Kiswahili chake. "Yeye nachunga. Ng'ombe nakula majani. Wewe nalia nini?"

Nilifurahi kupata wakili. Furaha haikudumu. Wanawake wale kila kiangazi walifukuza ng'ombe wa Waorma walioteremka mtoni kunywa maji wakapita katikati ya mahindi, na hakuna neno ambalo lingeniangamiza upesi kuliko hilo la ng'ombe.

"Ahaa, ng'ombe," akasema Shangazi. "Na ng'ombe wakiingia shambani tunafanyaje?"

"Tunawatoa!" wakaitikia wote. Mama Galgalo mwenyewe alicheka, akajitwika mpunga wake akaenda zake.

Nikapiga kelele kwamba ng'ombe hawa wako ndani ya shamba la mwenye ng'ombe. Hapo wakamgeukia Bibi, maana yeye ndiye aliyepanda. Bibi hakuacha kupepeta. "Mti ni wako," akasema. "Niliupanda kwa mkono huu. Atakayesema si wako ni mwongo." Nikamtazama Shangazi kwa dharau. "Na wewe je," Bibi akaniuliza, "ni wa nani?"

"Wenu, Bibi."

"Basi. Mti ni wako, na wewe ni wetu. Mwanajuma, toa wadudu."

Shangazi aliwapukutisha viwavi wa mtini, kuku wakamfuata nyuma kama wageni waalikwa. Nami nikakatazwa kuchuma hata jani moja mpaka harusi ipite. Nilijaribu kuwapa wa ndani ya tenga majani ya mwembe, ya muhogo, ya mchicha. Walitembea juu yake wakiinua vichwa, wakitafuta. Wengi walikufa hivyo. Waliokuwa wamenenepa walijifunga kabla ya wakati, na vipepeo waliotoka walikuwa wadogo, wakaruka juu ya ua bila kushukuru. Achari ilisifiwa. Mimi sikuonja, na hakuna aliyeona kwamba sikuonja, jambo ambalo huenda ndilo lililoniuma zaidi. Mvua zilizofuata vipepeo wakarudi kutaga palepale. Wao hawakuhudhuria hukumu.

Chuo kikuu nilisoma sheria, nami nimeikagua hukumu ile pande zote nikitafuta ufa. Mlalamikaji hakuwa na haki juu ya mali, na viwavi hawakugusa jani la mtu mwingine. Hukumu mbovu kabisa, isipokuwa lile neno la Bibi, kwamba mimi ni wao, ambalo mpaka leo sijui nilishike wapi.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Hamisi, mtoto wa marehemu Bakari, alinitembeza mimi shangazi yake akiwa na bomba la dawa ya wadudu mgongoni. "Tazama, Shangazi. Nimepiga yote. Hutaona mdudu hata mmoja." Kweli sikumwona. Mndimu uling'aa, kila jani zima kama la plastiki.

"Huu ulimwuliza nani kabla ya kuupiga?"

"Nimwulize nani? Si umo ndani ya ploti?"

"Ni wangu."

Alicheka kwa adabu zote. "Wako vipi, Shangazi, na wewe wakaa Mombasa?"

Nilifungua mdomo wa wakili, nikatafuta shahidi. Zamani nilidhulumiwa na watu walioacha kutwanga ili wanisikilize, na waliokiri kwanza kwamba mali ni yangu. Bibi amekufa, mama amekufa, Bakari naye. Wa mwisho kuzikwa alikuwa Shangazi Mwanajuma. Sijamsamehe. Lakini angekuwapo, angemwambia Hamisi kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto kwamba mti ni wa huyu, kitovu chake kimo humo. Kisha angenigeukia na kunikataza nisichume hata jani.