Miduara ya Kitenge

Mimi nina ugomvi na kitenge kikavu. Si cha kuvaa, vya kuvaa ninavyo kabati zima. Nasema kile anachokifungua mwanamke kiunoni gari linapoingia uani, kabla hata wageni hawajashuka, akaanza kulifuta vumbi. Huku kwetu Biharamulo, vijijini, familia nyingi humkaribisha mtu hivyo. Ni heshima, sikatai. Lakini vumbi letu jekundu lina mchanga ndani yake, jamani! Ukilisugua kavu juu ya rangi, unachora. Na kwa kuwa mkono wa mtu hufuta kwa kuzunguka, unachora miduara. Siku ya mawingu huioni. Jua likitoka, hasa kwenye gari jeusi, boneti nzima ni utando wa buibui.

Utando huo ndio unaonilisha. Kazi yangu ni kupolishi magari kwa mashine pale Lusahunga, ng'ambo ya sehemu yanapoegeshwa malori yaendayo mpakani Rusumo. Nimeshagombana na wake za wateja kwa ajili ya vitenge, na mama mkwe wangu pia. Mume wangu husema nina mdomo. Kweli ninao.

Ijumaa moja ya kiangazi alikuja mzee mmoja mkulima ninayemfahamu, kutoka Nyabusozi, na gari lake dogo jeusi. Binti yake, ambaye ni mwalimu huko Ngara, alikuwa ameshanipigia simu. Kesho yake alikuwa anaolewa, na gari hilo la baba yake ndilo lingempeleka kanisani. "Dada, nataka liwake," aliniambia. "Nataka nijione sura kwenye mlango."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimetumwa na bibi harusi."

Nililitazama gari pale juani nikashika kiuno. "Haki ya Mungu, mzee, hili mnalifuta kwa msasa?"

Alicheka kidogo, halafu kicheko kikakatika. "Ni mama yake," alisema.

Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilikuwa najua, niliwahi hata kwenda msibani, ila mdomo wangu hausubiri. Nikampa pole upya. Akaniambia kila Jumapili kabla ya ibada mama yule alikuwa akilifuta gari kwa kitenge alichojifunga. Alianza na taa ya upande wa dereva. Aliipulizia pumzi, haa, kama mtu anayesafisha miwani, akaipangusa kwa pindo, ndipo akapandisha mkono kwenye boneti kwa miduara.

"Nilimkataza mpaka nikachoka," alisema mzee. "Sasa nikiliangalia gari jua linapolipiga, naona mkono wake. Wewe ndiye fundi. Ukiitoa hiyo miduara, inarudi?"

Ningeweza kumdanganya, lakini sikuona namna. "Hairudi, mzee."

Nikamweleza jinsi kazi ilivyo, maana watu hudhani polishi hujaza mkwaruzo. Hiyo ya kujaza ipo, mafuta matupu, ukiosha gari kwa sabuni tu utando unarudi wote. Polishi ya kweli haijazi kitu. Inapunguza ngozi ya juu ya rangi, kidogo kidogo, mpaka inafika pale mkwaruzo ulipoishia. Kinachoondoka kimeondoka.

Alizunguka gari lake taratibu, mikono nyuma. Mimi nilitamani aseme niache, kisha nikamwaza yule binti na siku yake, nikatamani aseme nitoe. Sikupenda kabisa kuwekwa hapo katikati.

"Mtoto anaolewa mara moja," alisema mwishowe. "Toa."

Nikaliosha kwa maji mengi, tena na tena, mpaka kitambaa cheupe kikapita bila wekundu. Nikaziba mipira na kingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwa sababu kingoni rangi ni nyembamba na mashine huila upesi. Nikaanza na milango. Dawa ya polishi kidogo kwenye sponji, unaipaka kwanza mashine ikiwa polepole, ndipo unaongeza mwendo, unakwenda mbele na nyuma, halafu upande hadi upande. Usikandamize wala usiharakishe. Mashine yenyewe, ukiipeleka vibaya, inaacha miduara yake, mibaya kuliko ya kitenge. Ndiyo maana nikimaliza dawa kali nabadilisha sponji, naweka laini na dawa laini, narudia kila mahali.

Boneti niliiacha ya mwisho. Nilipoifikia, mzee aliinuka kutoka kwenye kreti la soda, akaweka kiganja juu yake. Nikazima mashine. Alipotoa mkono nikafuta alama ya vidole vyake, nikawasha tena.

Jioni nilimulika kwa tochi ya simu. Hakukuwa na hata mduara mmoja. Mzee aliinama akatazama muda mrefu, akasema, "Umefanya kazi nzuri," nami moyo uliniuma kwa sifa ile.

Mzee alilala hapo Lusahunga, na asubuhi nilikwenda naye Nyabusozi kwa gari hilo, maana nilikuwa mwalikwa harusini. Njia nzima nilikuwa nawaza vumbi, nikabeba ndoo yangu yenye maji na vitambaa laini. Tuliingia uani gari likiwa jekundu. Nikashuka haraka kuchota maji ya kulimwagia.

Bibi harusi akatoka ndani. Alikuwa ameshasukwa lakini hajavaa gauni, amejifunga kitenge juu ya kitenge. Hakunisalimia. Alifungua kile cha juu, akaenda moja kwa moja kwenye taa ya upande wa dereva, akainama. Haa. Akaipangusa kwa pindo, kisha akapandisha mkono kwenye boneti, akifuta kwa miduara.

"Weee!" nilipiga kelele. "Acha hicho kitenge! Wewe si ndiye uliyeniambia..."

Mzee alinishika mkono. Alikuwa hanitazami mimi.

"Mwache," alisema. "Mwache afute."

Binti alisimama akatutazama, kitenge mkononi, hajui amefanya kosa gani. "Kwani kuna nini, baba? Si lina vumbi?"

"Hamna kitu. Endelea, mama," alisema mzee.

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya migomba. Pale kitenge kilipopita, kwenye rangi yangu ya jana, utando ulionekana tayari, mwembamba, ukianzia kwenye taa. Nilimwaga maji ya ndoo kwenye shina la mgomba, nikamwambia mzee, "Nilikosea jana. Inarudi."