Meseji ya Baba Iliyoingia Mara Mbili

Kabla hamjaendelea, naomba mnivumilie. Mwandiko wangu unalala upande kama mtama uliopigwa na upepo, na kuna maneno ambayo sina hakika yanavyoandikwa. Niliishia darasa la saba. Tangu hapo mikono yangu imezoea unga wa maandazi kuliko kalamu. Naandika polepole, tena nanyanyuka kila mara kwenda kuangalia jiko, kwa hiyo mkiona sentensi imekatika, mjue makaa yalikuwa yanataka kufa.

Nianze na hilo jiko. Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Masumbwe, jiko halizimwi baba akiwa chini. Baba ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Analala kambini huko upande wa Bulyanhulu na kurudi nyumbani Jumapili. Siku za kazi anashuka kwenye duara alfajiri. Duara ni shimo la wachimbaji, refu kwenda chini, jembamba, limeshikiliwa na magogo. Tangu anaposhuka mpaka anapotoka, jiko la mama lazima liwe na moto, hata kama hakuna cha kupika. Mama aliyakuta hayo kwa bibi, mama yake baba. Bibi naye aliyaanza Maganzo, enzi babu anatafuta almasi. Ukimuuliza mama sababu, atakwambia, "Mtu akiwa gizani, huzimi moto wake." Basi.

Jirani yetu anafanya hivyo hivyo. Mume wake na baba wanashuka duara moja. Mume wake hana simu, ya kwake ilizama kwenye maji ya shimo, kwa hiyo neno la baba ndilo neno la wote wawili. Baba akitoka anaandika meseji moja, neno moja: Nimetoka. Si mtu wa maneno. Mama hakusoma sana, lakini neno hilo analijua kwa sura, kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake. Akiliona, anakwenda kwenye uzio wa minyaa na kuita, "Jirani, wametoka!" Halafu anamwaga maji kwenye makaa, anavua kilemba, anakaa. Siku nzima hajakaa.

Mimi sikai pia, ila kwangu ni kwa sababu ya maandazi.

Tableti ilikuja baadaye. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kahama, alipata nyingine akatuachia hiyo ya zamani. Kioo cha simu ya mama kilikuwa kimepasuka vibaya, usoni pamekuwa kama utando wa buibui. Dada akampa fundi aviunganishe, ili meseji inayoingia kwenye simu ionekane pia kwenye tableti, mama asome kwa herufi kubwa. Lilikuwa jambo jema. Kisha baba akabadilisha kioo cha simu, na hakuna aliyekumbuka kuvitenganisha.

Ikawa kila meseji inaingia mara mbili. Simu inalia, na baada ya muda tableti inalia. Tatizo ni kwamba tableti ilikuwa inategemea bando la intaneti, na bando letu lilikuwa la kuokoteza. Likiisha, tableti inanyamaza kabisa. Ukiliweka tena, kesho yake au keshokutwa, inatapika meseji zote za nyuma kwa mkupuo, na kila moja inalia kana kwamba imetumwa sasa hivi. Tuliliona hilo kama usumbufu tu. Mama alikuwa anasema, "Hiki kidude kina kigugumizi," tunacheka.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, asubuhi bado. Simu ilikuwa kwa kinyozi barabarani ikichajiwa. Mdogo wangu alikuwa amelilia katuni tangu jana yake, nikachoka na kilio, nikaweka bando. Nilirudi kwenye karai langu la maandazi, ambalo lina jiko lake. Tableti ikalia juu ya mkeka. Mama akaiinua, akaiangalia kwa mbali kama anavyofanya, uso ukamfunguka.

"Leo wamewahi," akasema.

Sikufikiri. Mafuta yalikuwa yanachemka, na moyo wangu ulifurahi tu kwamba mama atakaa mapema. Akaenda kwenye uzio.

"Jirani! Wametoka!"

"Saa hizi?" jirani akajibu. "Au wamelikuta jiwe lenyewe la dhahabu?"

"Labda limewakuta wao!"

Wakacheka kwa sauti, wanawake wawili waliochoka, na nikasikia maji yakimwagwa upande wa pili wa uzio na makaa yakilia shhh. Mama naye akamwaga ya kwake. Akavua kilemba, akajinyoosha kwenye mkeka, akalala usingizi kabisa, mdomo wazi. Sikuwahi kumwona mama akilala mchana. Nilimfunika miguu na kanga kwa ajili ya nzi.

Jua lilikuwa limepita kichwani alipofika kijana wa bodaboda anayebeba watu kutoka kule machimboni. Alisimama kununua maandazi, mama akaamka kwa mlio wa pikipiki.

"Shikamoo, mayu," akasema, kama Wasukuma wanavyomwita mama.

"Marahaba, baba. Huko kwema?"

"Kwema kidogo. Ila wale wa duara la mzee wetu bado wako chini. Mashine ya kuvuta watu juu imekufa tangu asubuhi, wanaigongagonga tu."

"Acha utani," mama akasema. "Mzee katoka zamani. Katuma meseji."

Kijana akanitazama mimi, kisha akamtazama mama. "Mayu, mimi nimetoka pale sasa hivi. Nimewaona wenzao wamekaa juu ya shimo."

Nikachukua tableti. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, kioo kikawa kinateleza. Pembeni ya lile neno kulikuwa na herufi ndogo sana, kijivu, na zilisema: jana.

Jirani alikuwa ameshasikia. Nilimwona kupitia minyaa amepiga magoti mbele ya jiko lake, anatafuta kaa moja lililobaki hai kwenye majivu yaliyolowa, analipuliza, na majivu yanamrudia usoni. Mama alichukua makaa mekundu kutoka chini ya karai langu kwa koleo, akampelekea. Jirani alimwangalia, akageuza uso. Akawasha moto wake mwenyewe kwa mfuko wa plastiki na vijiti.

Mchana ule sijui niuelezeje. Hakuna kilichotokea, na ndicho kilichochosha. Mama alisimama. Aliwasha jiko likawa kubwa kupita kiasi, akabandika sufuria ya maji matupu. Kinyozi alileta simu mwenyewe, aliposikia. Tukaiweka juu ya kigoda, tukawa tunaiangalia kama mgonjwa.

Jua linazama, simu ikalia. Nimetoka.

Mama alilitazama lile neno na hakukaa. "Hii ni ya leo?"

"Ni simu, mama. Si tableti. Ni ya leo."

"Neno ni lile lile."

"Ni lile lile, lakini ni la leo."

Halafu tableti nayo ikalia. Nimetoka. Mama aliiangalia kwa namna ambayo nilidhani ataitupa kwenye jiko. Akanipa simu nimpigie baba. Huko mtandao ni wa shida, mpaka apande kwenye kifusi. Ilikubali mara ya tatu au ya nne.

"Sema kitu," mama akamwambia.

"Niseme nini? Nimetoka."

"Hilo usiliseme. Sema kingine."

Upepo ukapiga kwenye simu. "Nina njaa," baba akasema. "Mwambie jirani mume wake hajambo, kaumia kidole tu. Wewe una nini?"

Mama akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Jirani alipokea habari akiwa upande wake. "Asante," akasema. "Lakini kidude chenu kisinitangazie tena. Mimi nimezima moto wa mtu akiwa chini. Nimelala! Nyie mnajua nimeota nini?" Akaingia ndani. Kwa muda baada ya hapo hakuja kuomba chumvi, na mama hakuwa akiita kwenye uzio. Alikuwa ananituma mimi. Nikifika, jirani ananiuliza, "Umeona kwa macho yako?" Mimi ni mtu wa aibu, nilikuwa naitikia kwa kichwa tu, na yeye alikuwa anasimama muda mrefu kabla hajazima jiko.

Ndipo nikabeba simu na tableti kwenda kwa fundi, sokoni Masumbwe. Kibanda chake kinajaa vijana. Nilipita mara ya kwanza, nikapita mara ya pili, nikasimama kwa muuza vitunguu nikijifanya nachagua.

"Dada, hivyo vitunguu umevipapasa mpaka vimeona haya," muuzaji akasema, na vijana wakageuka. Hapo nikalazimika kwenda.

Niliposema, nilisema kwa sauti ndogo mpaka fundi akainama. "Kutenganisha?" akasema kwa nguvu. "Watu wote wanakuja kuunganisha, wewe unatenganisha. Umemfumania shemeji nini?"

Wakacheka. Nikasema, sijui nguvu niliipata wapi, "Ni baba. Yuko duarani. Ikilia mara mbili hatujui kama katoka."

Kicheko kikaisha. Mmoja wao alishusha miguu kutoka kwenye benchi akanipisha nikae. Fundi akazima mlio wa tableti, akasema imekwisha. Nikarudi nyumbani, lakini haikuwa imekwisha. Haikulia, ila neno lilikuwa bado linajitokeza kwenye kioo likiwa limechelewa, na mama anasoma kwa macho, si kwa masikio. Nikarudi tena kesho yake. Safari hii fundi alinionyesha taratibu: fungua meseji kwenye simu, si kwenye tableti. Gusa ile picha ndogo ya pembeni, juu. Tafuta palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa. Tableti itaonekana hapo kwa jina lake. "Hapo ndipo pa kuikata," akasema. "Kata mwenyewe, usije ukanirudia tena."

Nilikata nyumbani, mama akiwa pembeni yangu. Simu iliuliza kama nina uhakika. Nilipogusa, meseji zote kwenye tableti zikafutika, kioo kikawa cheupe.

"Na zile za zamani?" mama akauliza haraka. "Za siku zote alizotoka?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Zilikuwepo, Nimetoka chini ya Nimetoka chini ya Nimetoka. Akaziangalia muda mrefu.

Tangu hapo tableti ni ya katuni tu. Lakini mama hakuliamini tena lile neno likiwa peke yake. Jumapili baba aliporudi alimwambia mbele ya chakula kwamba kila siku aongeze neno jingine, lolote, alimradi si la jana. Baba alilalamika. "Mwanamke, mtu akitoka chini ana nguvu ya kutunga hadithi?" Mama akamwekea ugali. Kesho yake ikaja: Nimetoka. Viatu vimelowa. Siku iliyofuata: Nimetoka. Mbuzi kala kofia yangu. Kuna siku aliandika, Nimetoka. Sina neno. Mama akalikubali, kwa sababu baba hakuwahi kulisema kabla.

Jirani sasa anakuja mwenyewe mpaka mlangoni. Hasalimii kwanza. Anauliza, "Leo kasema nini?" Namsomea, kwa sauti yangu ndogo. Ndipo anarudi kuzima jiko. Ile meseji ya mbuzi ilimfanya akae nasi kidogo, akala andazi.

Sidhani kama tumepunguza uchovu. Zamani tulikuwa tunapata mapumziko ya uongo, na ya uongo nayo yanapumzisha. Sasa tunasimama mpaka mwisho. Mama miguu inavimba.

Hivi ninavyoandika baba yuko chini, na mvua imeanza kunyesha upande ule. Nimeongeza makaa. Nyinyi mnaosoma, kama kwenu kuna mtu anayekwenda mahali msipomwona, niandikieni mnamngojaje, na mnajuaje kwamba neno lake ni la leo. Andikeni hata kwa mwandiko mbaya kama huu. Nitasoma polepole, lakini nitasoma yote, na mama nitamsomea tukiwa tumesimama hapa jikoni.