Kazi Iliyoletwa na Vita

Mwalimu Skolastika alipomwita Feliksi aje shuleni kuzungumza na kidato cha sita kuhusu kazi yake, Feliksi alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, na alikubali kwa ajili ya Merina.

Merina alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, lakini kwa vile walikulia jiko moja huko Kidahwe, yeye alimwita kaka, basi. Mwaka ule, 2015, alikuwa anakaa kwa Feliksi, mtaa wa Buzebazeba, anasoma kidato cha sita, mchepuo wa HKL. Na tangu Warundi waanze kuvuka, wakajazana kijijini Kagunga kando ya ziwa mpaka ufuko haukuonekana, meli ikawa inawashusha mjini na uwanja wa mpira ukageuka mahali pa kulala watu, Merina alikuwa na wimbo mmoja tu.

"Kaka, wanatafuta wakalimani. Hawaulizi cheti! Wanauliza kama unasikia Kirundi na Kiingereza cha kujikongoja. Sasa mimi nakosa nini?"

"Maliza shule kwanza. Mtihani Mei mwakani."

"Kwani wewe ulimaliza?"

Feliksi hakumaliza. Yeye alikuwa kidato cha tano gari la shirika la wakimbizi liliposimama sokoni na mtu akashuka akiuliza nani anajua Kirundi. Muha gani hakijui? Kiha na Kirundi ni watoto wa tumbo moja. Alipanda lile gari na sare yake ya shule, akawa mkalimani kambini Mtabila. Alikula vizuri, alivaa vizuri, akawa mtu wa kuamkiwa hata na wanaomzidi umri.

Kisha kambi ikafungwa, Warundi wakarudishwa kwao. Feliksi naye alirudishwa, ila yeye hakuwa na pa kurudi. Alizunguka ofisi za mjini na barua zake za kusifiwa. Wakazisoma kwa adabu, wakamuuliza cheti cha kidato cha sita, wakamrudishia barua zake kwa adabu ile ile. Akaishia Kibirizi, anabeba magunia ya dagaa, ananuka samaki hata akitoka kuoga. Jioni pale kwa muuza kahawa watu walisikiliza redio, hasa habari za Bujumbura. Walikuwepo madereva waliokosa magari, wenye nyumba waliokosa wapangaji, na yeye. "Vipi huko, bado shwari?" mtu angeuliza. Ukisikiliza vizuri, sauti ilikuwa ya mtu anayeombea aambiwe hapana.

Merina hakuiona miaka ile. Alikuwa Kidahwe, halafu akaenda bweni. Feliksi aliyemjua yeye ni huyu aliyeitwa tena kazini Warundi walipovuka upya, wa kizibao cha shirika na kitambulisho kinachoning'inia shingoni.

Basi Ijumaa ikafika. Mwalimu Skolastika alikuwa na utaratibu wake. Kabla wanafunzi hawajaanza kuamua waombe vyuo gani, aliwaletea mtu wa kazi, mmoja kila wiki, na mwisho alimuuliza kila mgeni swali lile lile: kazi hii ikikuacha leo, unabaki na nini mkononi? Muuguzi alijibu kwamba anabaki na leseni, kesho asubuhi anaweza kuripoti Tabora. Fundi wa injini za boti aliinua tu mikono yake yenye grisi, na darasa likapiga makofi.

Feliksi alipoingia hawakusubiri hata atambulishwe.

"Kaka mkubwa! Hiyo kadi ukiivaa unaingia mpaka wapi?" Huyo ni Leodgar, domo la darasa.

"Naingia uwanjani, kwenye wagonjwa na harufu. Unataka?"

"Nataka! Mradi nishuke kwenye lile gari jeupe, mama anione."

Wakacheka. Feliksi alijaribu. Aliwaambia aliacha shule, na kwamba kilichomwokota sokoni ndicho kilichomtupa Kibirizi. Aliwaambia wasimfuate. Nyuma kabisa mtu akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Anabania huyu. Keshashiba." Naye alijiona anavyoonekana, kizibao kipya, viatu vikali, anawakataza watu chakula huku mdomo unang'aa mafuta.

"Feliksi," Mwalimu Skolastika akauliza, "kazi hii ikikuacha leo, unabaki na nini mkononi?"

"Nabaki na Kirundi."

"Ambacho hapa kila mtu anacho," mwalimu akasema taratibu. "Mmesikia?"

Hawakusikia. Leodgar alishasimama. "Lakini mwalimu, itamwachaje? Watu ndo kwanza wanakuja! Kwani hiyo vita inaisha lini?"

"Haiishi hiyo!" darasa likaitikia, vicheko vikapasuka, na cha Merina kilikuwemo. Feliksi alikitambua. Mmoja tu hakucheka, Jean, ambaye shangazi yake alikuwa analala kule uwanjani. Alikuwa anasugua dawati kwa kidole kana kwamba kuna doa. Mwalimu Skolastika alipopiga meza, walikuwa wameshamaliza kucheka.

Wiki iliyofuata shirika lilipima wakalimani wapya. Oswald, mkuu wa wakalimani, alimkalisha Feliksi kando asikilize Kirundi cha kila anayeingia. Mchana akaingia Merina, ambaye Feliksi alijua yuko darasani. Majina ya baba zao ni tofauti, hakuna aliyeshtuka ila yeye.

Waliletewa bibi mmoja kutoka kwenye foleni, wakamwambia aseme lolote. Bibi akasema la kwake. Kule Kagunga mjukuu wake aliharisha, yeye akampakata kwenye foleni ya maji, akafurahi mtoto amelala. Foleni ilipofika kwake ndipo alipojua.

Merina aliyasema yote kwa Kiingereza. Hakuongeza, hakupunguza. Pale bibi aliponyamaza, naye alinyamaza. Feliksi katika miaka yake yote hakuwahi kutafsiri vizuri hivyo. Halafu Merina alipomaliza akamgeukia yeye, macho makavu, yana hamu, kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu mwenye kalamu nyekundu.

"Vipi?" Oswald akauliza.

"Bado huyu. Anachanganya Kiha mno."

Jioni Merina alimsubiri mlangoni. "Nilichanganya wapi?"

"Merina..."

"Taja neno moja! Moja tu, kaka."

Feliksi akainama kufungua kamba za viatu.

"Umeshiba, unafunika sufuria," Merina akasema. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

Alirudi shule, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Asubuhi alipita na begi lake mgongoni, bila shikamoo, bila kugeuka.

Jumatatu yule bibi aliitwa hemani kuhojiwa kabla ya kupanda basi la kambini, Nyarugusu. Mkalimani wa zamu alikuwa Feliksi. Alimsalimia kwa heshima zote, akamwomba aeleze tena yaliyotokea Kagunga. Bibi alitazama huku na huku mle hemani.

"Wa mwigeme ari hehe?" Alikuwa anamuulizia yule binti.

"Yuko shule."

"Yeye aliyasema kama nilivyoyasema."

"Ndiyo, bibi. Lakini leo niko mimi."

Bibi akakiangalia kizibao, akamwangalia usoni. Akasema basi, atamsubiri binti atoke shule. Akakunja mikono mapajani, na hakutamka neno lingine, ingawa nje basi lilikuwa limeshawashwa.