Kofia ya Famau, Bingwa Wetu wa Badminton

Mpaka saa hii moyo haujakubali. Famau tulimzika jana kwao Siyu, na leo alfajiri nimeshika simu nimpigie, nimweleze nani walikuja mazikoni.

Mjukuu wangu ndiye anayenichapia haya. Nimemwambia anisomee mara mbili kabla hajatuma. Mnaonijua mnajua nilivyo.

Vijana, yule mzee mliyemwona akishona makubadhi barazani alikuwa bingwa wa badminton wa pwani, miaka ya hamsini.

Alijifunzia Lamu mjini, ndani ya gofu la nyumba ya kale lisilo na paa. Nje haikuwezekana, upepo ungekichukua kinyoya, kile kimpira cha manyoya tunachokipiga, mpaka Wiyoni. Wavu wetu ulikuwa wa samaki. Alicheza miguu mitupu, kichwani kofia aliyoshonewa na mama yake.

Watu wa mjini walimcheka, wakasema mtu wa Siyu amevuka maji kuja kuua nzi. Akawajibu kwamba ataanza na wale wakubwa.

Mkubwa wao alikuwa boss wangu, Mzungu wa ofisi niliyoajiriwa ukarani. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimetoka shule. Mlango ukilia tu, nashtuka.

Fainali ya mashindano ya pale mjini ikawakutanisha hao wawili, na refa nikafanywa mimi, kwa kuwa nilizisoma sheria za mchezo kwa Kiingereza. Nyumbani tulikula kwa mshahara wangu. Nikimkatalia boss pointi, Jumatatu nitaingia ofisini kwa uso gani?

Wakafika karibu na mwisho, wanalingana. Boss akapiga kwa nguvu, kinyoya kikapita juu ya Famau, kikaangukia nje ya mstari.

Nikasema, "Nje." Boss akanitazama.

Gofu zima lilikuwa likishangilia pale Famau alipoinua mkono.

"Imenigusa kofia."

Mjomba wake akamuuliza kwa hasira nani amemtaka ushahidi. Famau hakugeuka. Kikigusa nguo ya mchezaji, pointi ni ya mwenzake, na kofia ni nguo. Pointi ikaenda kwa boss.

Kisha Famau akaivua kofia, akaniletea pale kitini. "Nishikie. Usiche, Lali. Umesema ulichokiona."

Usiche, ndivyo kwao wanavyosema usiogope. Niliibana ile kofia kwa mikono miwili mpaka aliposhinda.

Nilipomrudishia alikataa. Akasema Jumatatu nitaihitaji kuliko yeye.

Jumatatu niliivaa. Boss akaitazama. "Hiyo ndiyo iliyonipa pointi?" Nikasema ndiyo, sir. Akacheka, akaniambia nikae nifanye kazi. Nilifanya kazi pale mpaka yeye akaondoka.

Baadaye Famau akaenda Mombasa, akarudi na kikombe. Alilalamika kwamba ukumbini hakuna upepo wa kugombana nao. Kikombe alimpa mama yake, naye akakitilia chumvi.

Mimi kofia niliivaa siku ya harusi yangu. Niliivaa kwenye interview ya kupandishwa cheo, na nje ya chumba alichojifungulia mke wangu. Kila nilipotaka kuirudisha Famau aliniuliza, "Woga umekwisha?" Nami nilimjibu bado.

"Basi kaa nayo."

Jana niliivaa kaburini. Ndugu yangu, woga haujaisha, na sasa sina wa kuniuliza.

Lala kwa amani, Famau. Nakushikia.