Fundi wa Spika wa Kanisa Letu

Fundi wa spika wa kanisa letu hapa Kumasi humenya waya kwa meno, na kila Jumapili hupuliza maikrofoni mara tatu kabla hajasalimia mtu. Juzi Mwalimu Afrakoma, mama mmoja jirani wa kanisa, alisema redioni kwamba sisi walokole tunajua kelele, upendo hatuujui. Jumapili fundi akapanda paani, akaielekeza spika moja dirishani kwa mwalimu.

“Ndugu, mama wa watu ana mgonjwa ndani,” nikamwambia.

“Basi na apone kwa neno! Leo ataujua upendo wetu.”

Mchungaji akahubiri habari ya kupigwa shavu moja ukageuza la pili. Fundi akaitikia amina, machozi yakimlengalenga, kisha akapanda tena paani kuigeuza spika ya pili.