Mapigo Arobaini na Tisa

Gofu niliijua Unguja, nilikosoma hadi darasa la sita, kwa kuwabebea watu mifuko ya fimbo zao. Niliporudi Moroni ujuzi huo haukunifaa kitu, mpaka walipokuja wale askari wa kukodiwa. Mmoja wao, Mfaransa mnene mwenye sauti ya chini, aliupenda mchezo ule. Yeye na wenzake walichimba mashimo tisa kwenye majani ya nje ya mji, juu ya pwani. Majani laini ya kuzunguka shimo hayakukubali kuota juu ya mawe ya volkano, basi tukamwaga mchanga mweusi. Kazi yangu ilikuwa kubeba mfuko na kusawazisha mchanga kwa ubao.

Nguvu alikuwa nazo, ila hakuwahi kumaliza chini ya mapigo hamsini. Nilinyamaza miezi mingi. Siku aliponiuliza, nilimwambia nilichokiona: mapigo yake yalikuwa yakipotea katika hatua thelathini za mwisho, wala si kwenye lile pigo refu alilolifanyia mazoezi kila jioni. Mpira ukiingia mawemawe, autoe pembeni kwa pigo fupi, asijaribu kuurusha juu ya mawe. Karibu na shimo auviringishe chini. Achukue fimbo ndefu kuliko anayodhani inatosha, apige taratibu, maana mipira yake karibu yote ilikuwa haifiki.

"Na uhesabu yote, mkubwa," nilimwambia. "Hata lile la kichakani."

Alicheka, akasema hata padri wa kwao hakumbana hivyo. Lakini alinisikiliza.

Asubuhi moja tulikuwa tunaanza shimo la saba, naye ana mapigo thelathini na mawili. Hajawahi kufika pale na hesabu ndogo hivyo. Shemeji yangu, mume wa dada, akaja kwa teksi kutoka mtaa wa Magudju mjini. Baba alikuwa amefariki alfajiri kwetu Mutsamudu, kisiwa kingine. Wangemzika baada ya sala ya alasiri. Shemeji alikuwa amenishikia kiti kwenye ndege ndogo, lakini sharti niwe uwanja wa ndege kabla ya saa tano. Mimi ndiye mwana wa kwanza. Kushuka kaburini kumpokea baba kulikuwa juu yangu.

Mfaransa alielewa kabla sijamweleza. "Nenda," alisema. "Kamzike baba yako."

Nikamjibu: "Yamebaki mashimo matatu tu, mkubwa. Tumalize."

Shemeji alinitazama kama amenisikia nikikufuru, akarudi kukaa ndani ya teksi.

Sina kisingizio. Nilitaka kuona kama niliyomfundisha ni kweli. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza namna ile, na baba yangu hakuwa msikilizaji. Shimo la nane mpira uliingia mawemawe, tukautafuta muda mrefu, akautoa pembeni kama nilivyomwambia. La tisa nilisawazisha mchanga mara mbili, polepole, ili pigo la mwisho lisipotoke. Akamaliza kwa arobaini na tisa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilifurahi, na hilo pia naliandika.

Uwanja wa ndege tulifika saa tano na robo. Kiti changu alikuwa amepewa mwingine.

Nilipata meli kesho yake. Kwenye bandari ya Mutsamudu wachukuzi, ambao mdogo wangu alikuwa mwenzao, walisimamisha kazi kunipa pole, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba wale makafiri hawana huruma hata kwa maiti. Sikumwelewa mpaka nilipofika nyumbani. Mdogo wangu ndiye aliyeshuka kaburini mahali pangu, na wote walikuwa wamekata shauri kwamba askari walinizuia kwa nguvu. Shemeji, aliyeujua ukweli, alibaki Moroni. Hakuna aliyeniuliza lolote. Walinihurumia tu, wakanisogezea mkeka mbele karibu na wasomaji wa hitima.

Mama, aliyekuwa ameanza eda, aliniita chumbani kwake. Alinipapasa viganja kama anayetafuta alama za kamba.

"Walikuzuia, mwanangu. Mungu atawalipa."

Nikasema amina.

Askari wale waliondoka zamani, mama naye sasa amefariki. Mdogo wangu yu hai, na mpaka leo anawalaani kwa ajili yangu.